Maisha ya mjini yanavyoamsha PCOS, na kwa nini Hanang na Mbulu zijiandae sasa

*Wengi huliona tatizo hili la homoni kuwa ugonjwa wa wanawake wa mjini. Ushahidi unaonyesha kwamba mizizi yake ni ya kurithi, mji huichochea, na kijiji hukosa tu wa kuliona.*

Na Mwandishi Wetu

Tuseme binti wa Dirma, wilayani Hanang, anakwenda kutafuta kazi Arusha. Anapandia basi Katesh, na kwa saa chache za barabara ya lami inayopita Babati maisha yake yanabadilika kuliko anavyodhani. Nyumbani alikuwa anaamka kabla ya jua, anabeba dumu la lita 20 kutoka kisimani, anakwenda shamba na jembe begani, anarudi na mzigo wa kuni, jioni anakamua na kupika ugali wa dona kwa mlenda au maziwa ya mgando. Arusha anapata kazi ya kuuza duka. Anakaa kwenye stuli tangu asubuhi hadi usiku. Anakunywa chai yenye sukari kwa chapati mbili, mchana anakula wali, usiku chipsi mayai na soda, kisha anarudi chumbani kwa bodaboda. Baada ya mwaka au miwili hedhi inaanza kuruka mwezi, halafu miezi mitatu. Uso unajaa chunusi, nywele ngumu zinaota kidevuni, na suruali alizokuja nazo hazimwingii tena. Akipiga simu nyumbani anaambiwa mji umemharibu. Akienda duka la dawa anaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi. Hakuna aliyempa jibu kamili.

Madaktari huiita hali hiyo PCOS. Ni mvurugiko wa homoni unaozuia mayai ya mwanamke kupevuka kwa wakati wake. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, uliotayarishwa na wataalamu wa nchi nyingi, unakadiria kuwa PCOS inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajawahi kuambiwa kwamba wanayo. Ni miongoni mwa sababu kuu za wanawake kushindwa kushika mimba, na madhara yake yanavuka suala la uzazi: humsogeza mwanamke karibu na kisukari, shinikizo la damu, saratani ya ukuta wa mji wa mimba na sonona.

Mjadala unaoendelea katika zahanati, misikitini, makanisani na kwenye simu za mkononi ni kuhusu chanzo. Wako wanaosema ni ugonjwa ulioletwa na maisha ya mjini, na dawa yake ni kurudi kwenye maisha ya kale. Wako wanaosema ni wa kurithi, kwa hiyo hakuna la kufanya. Makala haya yanatetea msimamo wa tatu: mji hauanzishi PCOS ila huiamsha na kuizidisha, na kwa kuwa maisha ya mjini sasa yanaingia hadi Katesh, Haydom na Dirma, maandalizi yanapaswa kuanza huku kabla wanawake wengi hawajaumia kimya kimya.

Kinachotokea ndani ya mwili

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba waliokuwa na mambo yanayofanana: hedhi zilizokosekana, nywele nyingi mwilini na vifuko vya mayai vilivyokua kuliko kawaida. Tangu wakati huo watu wengi wamedhani kwamba kiini cha tatizo ni uvimbe. Ukweli ni kwamba vile vijishimo vinavyoonekana kwenye ultrasaundi, vimejipanga pembezoni mwa kifuko cha mayai, ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Si saratani, wala si uvimbe wa kukatwa. Ni dalili ya kitu kinachotokea kwingine mwilini.

Mara nyingi kitu hicho ni insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, misuli na ini haviitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kutengeneza nyingi zaidi. Insulini hiyo ya ziada ikifika kwenye vifuko vya mayai huvichochea kutoa homoni za kiume kwa wingi. Ikifika kwenye ini hupunguza protini ambayo kwa kawaida huzifunga homoni hizo zisizurure. Matokeo yake ni chunusi, ndevu, mayai yasiyopevuka na hedhi isiyokuja. Hedhi isipokuja kwa miezi mingi, ukuta wa mji wa mimba huendelea kujijenga bila kumwagika, na hapo ndipo hatari ya saratani hujitokeza.

Ukishaelewa mlolongo huo, unaelewa pia mahali ambapo mji hupata nafasi yake. Kila kinachoongeza mahitaji ya insulini hulikoleza tatizo: unga uliokobolewa, sukari ya kila saa, mafuta ya tumbo, misuli isiyofanya kazi. Na kila kinachopunguza mahitaji hayo hulituliza, hata pale ambapo hakiliondoi.

> Vijishimo vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vijumba vya mayai vilivyokwama njiani. Si saratani, wala si uvimbe wa kukatwa.

Ushahidi kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam

Wanaosema mji unahusika wana ushahidi, tena wa hapa hapa nchini. Watafiti wakiongozwa na Nigel Unwin waliwafuatilia Watanzania 209 waliohama kutoka vijijini Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuhama, na baada ya mwaka mmoja wakawapima tena 132 kati yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kabla ya kuhama, karibu asilimia 79 ya wanaume na asilimia 38 ya wanawake walikuwa wakifanya kazi za nguvu. Mjini idadi hiyo iliporomoka hadi asilimia 26 kwa wanaume na 16 kwa wanawake. Kwa mwaka mmoja tu uzito wa mtu wa kawaida katika kundi hilo uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili. Kilo mbili zinaonekana kidogo, lakini mtu anayeongezeka hivyo miaka mitano mfululizo anakuwa na mwili mwingine kabisa.

Takwimu za taifa zinaelekea huko huko. Katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 1991/92, mwanamke mmoja kati ya tisa alikuwa na uzito uliozidi. Katika utafiti wa 2015/16 waliofikia hali hiyo walikuwa asilimia 28, na wa mjini walikuwa mara mbili ya wa vijijini: asilimia 42 dhidi ya 21. Katika kliniki ya wanawake wanaotafuta ujauzito ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, watafiti Andrea Pembe na Muzdalifat Abeid waliripoti mwaka 2009 kwamba karibu theluthi moja ya waliochunguzwa walikuwa na PCOS. Takwimu hiyo haina maana kwamba theluthi ya wanawake wa Dar es Salaam wana tatizo hilo, maana kliniki ile hupokea wale ambao tayari wamekosa mimba. Inachoonyesha ni kwamba nyuma ya ugumba wa wanawake wengi kuna hali yenye jina na yenye tiba.

Hata hivyo, utafiti wa Morogoro una upande mwingine ambao wanaoulaumu mji huuruka. Wahamiaji wale walianza kula nyama nyekundu zaidi, lakini walikula pia matunda na mboga nyingi zaidi kuliko walivyokula kijijini. Shinikizo lao la damu lilionekana kushuka. Kwa baadhi ya vipimo, mji uliwafaa. Kwa hiyo mtu anayesema mji ni sumu tupu hasemi kweli. Ndani ya mji kuna mambo mahususi yanayoumiza, nayo ndiyo yanayopaswa kutajwa kwa majina: kukaa kutwa nzima, vyakula vya unga mweupe na mafuta ya kukaangia, vinywaji vya sukari, na uzito unaoongezeka polepole bila mtu kuona.

Somo la Bonde la Yaeda

Uthibitisho mzuri zaidi kwamba mambo hayo mahususi yanapaswa kutenganishwa uko jirani kabisa. Katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu wanaishi Wahadzabe, ambao sehemu yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo miili ya Wahadzabe 30 ilitumia kwa siku. Wanawake walikuwa wakitembea karibu kilomita sita kila siku, na wanaume karibu mara mbili ya hapo. Watafiti walitarajia kukuta miili inayochoma nishati nyingi kupita ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa maofisini. Walipolinganisha watu wa miili yenye ukubwa sawa, walikuta kiasi kinachokaribiana.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema basi mazoezi hayana maana. Hiyo ni tafsiri ya haraka. Wanachotufundisha Wahadzabe ni kwamba unene wa mjini hauwezi kuelezwa kwa uvivu peke yake, na kwamba anayemwambia mwanamke mwenye PCOS akimbie tu ili apungue, huku chakula kikibaki kile kile, anamwandalia kukata tamaa. Lakini msuli unaofanya kazi una faida nyingine isiyopimwa kwa mizani: unapojikunja huchukua sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na kwa saa nyingi baadaye hubaki ukiitikia insulini vizuri zaidi. Kwa mwenye PCOS hiyo ndiyo faida kubwa. Anaweza asipungue hata kilo moja na bado damu yake ikawa katika hali bora.

Utafiti mwingine kuhusu Wahadzabe, uliochapishwa na David Raichlen na wenzake mwaka 2020, ulikuta kwamba nao hupumzika karibu saa kumi katika mchana na jioni zao, sawa na watu wengi wa mjini. Tofauti iko kwenye namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Muuza duka wa Arusha hupumzika kwenye stuli au kiti cha plastiki, misuli ikiwa imelala. Kwa hiyo hata swali la nani anapumzika na nani anachapa kazi halina jibu jepesi. Linalohusu afya ya mwanamke ni misuli yake inafanya nini saa zile ambazo hakuna anayezihesabu kuwa kazi.

> Anayemwambia mwanamke mwenye PCOS akimbie tu ili apungue, huku chakula kikibaki kile kile, anamwandalia kukata tamaa.

Kilichotangulia mji

Upande wa pili wa mjadala nao una nguvu zake. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi waliwachunguza mapacha na kukuta kwamba mtu akiwa na PCOS, pacha wake wa kufanana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo kuliko pacha asiyefanana naye. Walikadiria kuwa zaidi ya theluthi mbili ya tofauti kati ya mwanamke na mwanamke inatokana na urithi. Mwaka 2011 wanasayansi wa China walitambua sehemu kadhaa za vinasaba zinazohusiana na hali hii, na baadhi ya sehemu hizo hizo zikaonekana baadaye kwa wanawake wa Ulaya. Vinasaba vinavyopatikana kwa watu walioachana maelfu ya miaka iliyopita haviwezi kuwa vimeletwa na chipsi wala bodaboda. Vilikuwapo kabla ya mji wa kwanza kujengwa.

Kosa ni kutoka hapo na kuhitimisha kwamba hakuna la kufanya. Mbegu iliyo ardhini haioti bila mvua, na mkulima wa Hanang anajua kwamba kiasi cha mvua ndicho kinachoamua kama shamba litajaa au litaota hapa na pale. Mwanamke aliyezaliwa na mwelekeo wa PCOS anaweza kuishi miaka mingi na hedhi inayochelewa kidogo tu, akazaa watoto wake, asijue kamwe. Mwanamke yule yule akiongezeka kilo kumi na tano na kukaa kutwa nzima kwenye kiti, mwelekeo ule unageuka ugonjwa. Urithi ndio unaoeleza kwa nini wasichana wawili wanaoishi chumba kimoja na kula sahani moja, mmoja anapata tatizo na mwingine hapati. Maisha ya mjini ndiyo yanayoeleza kwa nini yule aliyepata amelipata sasa, tena kwa ukali huu.

Je, bibi zetu hawakuwa nayo?

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba zamani tatizo hili halikuwapo. Bibi walizaa watoto wanane au kumi bila kusikia habari za homoni. Hoja hii inawasahau wale ambao hawakuzaa. Kila ukoo una shangazi au bibi mdogo aliyeolewa, akasubiri, akarudishwa kwao au akaletewa mke mwenza. Hakuna aliyempima. Alipewa jina la tasa, na habari yake ikaishia hapo.

Miongoni mwa Wadatoga wa Hanang na Mbulu, ambao wengi huwaita Wabarbaig, uzito wa jambo hilo umeandikwa kwa kina. Mtafiti wa Norway Astrid Blystad, aliyefanya kazi kwa muda mrefu katika jamii hiyo, ameeleza jinsi uzazi ulivyo kiini cha heshima ya mwanamke na jinsi wanawake wanavyokusanyika kuomba na kuimba ili Mungu awape watoto na mifugo. Jamii inayoomba kwa bidii hivyo inajua vizuri kwamba mtoto si jambo la hakika. Maombi yale ni ushahidi kwamba ugumba ulikuwapo zamani, ukiwa na maumivu yale yale, tofauti ikiwa kwamba haukuwa na jina la kitabibu.

Tofauti ya takwimu kati ya mji na kijiji, basi, ina sehemu mbili. Sehemu moja ni ya kweli: uzito na chakula cha mjini huongeza idadi ya wanaougua. Sehemu nyingine ni ya macho: mjini kuna ultrasaundi, maabara na daktari wa wanawake, na penye mpimaji ndipo wagonjwa huonekana. Mwanamke wa kijijini mwenye hedhi nne kwa mwaka haingii kwenye takwimu yoyote. Na kwa kuwa wengi huzaa mfululizo na kunyonyesha muda mrefu, kukosa hedhi kwa miezi mingi hakumshtui mtu. Anayesema PCOS ni ya mjini kwa sababu kijijini haionekani amechanganya kutokuwapo kwa ugonjwa na kutokuwapo kwa kipimo.

> Penye mpimaji ndipo wagonjwa huonekana. Mwanamke wa kijijini mwenye hedhi nne kwa mwaka haingii kwenye takwimu yoyote.

Mji unawafuata walioko nyumbani

Kuna sababu ya pili ya kutolichukulia jambo hili kuwa la Arusha na Dar es Salaam tu. Maisha ya mjini hayangoji mtu ahame. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, sehemu kubwa ya malisho ya Wabarbaig katika nyanda za Hanang iligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Wafugaji walipoteza malisho na, pamoja nayo, sehemu ya maziwa yaliyokuwa chakula chao kikuu. Ngano iliondoka kwenda viwandani, na leo hurudi ikiwa unga mweupe kwenye viroba, ukawa chapati na maandazi ya kila asubuhi. Mahindi nayo yanazidi kuliwa sembe badala ya dona, kwa sababu sembe ni nyeupe, laini, na huonekana kuwa chakula cha mwenye uwezo. Kinachoondolewa mashineni ni pumba na kiini, yaani ile sehemu inayochelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Ongeza bodaboda inayofika hadi mlangoni, soda inayouzwa kila penye duka, na lami inayounganisha Singida, Katesh na Babati. Mambo haya ni maendeleo, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mama wa Dirma aendelee kubeba maji kichwani ili asipate kisukari. Kazi ile ilimwinamisha mgongo na kumla muda wake wote. Wala kijiji cha zamani hakikuwa paradiso ya lishe: mtafiti Daniel Sellen, aliyechunguza Wadatoga wa eneo la Eyasi, alionyesha jinsi afya ya lishe ya wanawake na watoto ilivyobebwa na kuangushwa na misimu. Njaa na uchovu si kinga ya PCOS. Hatari ya kipindi hiki ni kwamba mwanamke anaweza kuvuka kutoka upungufu hadi ziada ndani ya miaka michache, katika wilaya ambayo huduma zake za afya zilijengwa kwa ajili ya upungufu tu.

Lawama haitibu

Mtu akishakubali kwamba chakula na mwendo vinahusika, ni rahisi kwake kugeuka na kusema basi kosa ni la mwanamke mwenyewe. Lazima hilo likataliwe kwa nguvu. Kwanza, wapo wanawake wembamba wenye PCOS, na lawama haiwahusu hata kwa mantiki yake yenyewe. Pili, insulini iliyozidi yenyewe hufanya uzito upande kwa urahisi na ushuke kwa taabu, kwa hiyo anayelaumiwa kwa kunenepa mara nyingi analaumiwa kwa dalili ya ugonjwa wake. Tatu, muuza duka anayelipwa kidogo hachagui chipsi kwa ulafi. Anazichagua kwa sababu hana jiko, ametoka kazini usiku, na chakula kile ndicho kinachouzwa karibu, kwa bei anayoimudu, na kinashibisha.

Kwa upande mwingine, kukataa lawama kusitufanye tukatae ushahidi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha zaidi ya watu 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, ulionyesha kwamba waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa wanawake wenye PCOS walio na uzito uliozidi, kupungua kwa asilimia tano hadi kumi ya uzito mara nyingi kunatosha kurudisha hedhi kwenye mpangilio. Kwa mwanamke wa kilo 80, hizo ni kilo nne hadi nane. Haombwi awe mwembamba kama picha za kwenye simu. Anaombwa hatua ambayo mwili wake unaweza kuifikia, na jamii inaombwa isimzibie njia.

Biashara ya 'kusafisha kizazi'

Mji umeleta pia hatari nyingine: kupewa jina la ugonjwa bila kupimwa ipasavyo. Kwa kanuni zilizokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, mwanamke mzima huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na angalau mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na mwonekano maalumu wa vifuko vya mayai kwenye ultrasaundi, baada ya magonjwa mengine yanayofanana kuondolewa. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi. Kwa msichana ambaye bado hajafikisha miaka minane tangu avunje ungo, mwongozo wa kimataifa unasema ultrasaundi isitumike kabisa kumpima PCOS, kwa sababu vifuko vya msichana wa umri huo kwa kawaida huwa na vijumba vingi.

Licha ya hayo, wasichana wa miaka 17 wanatoka kwenye vyumba vya vipimo na karatasi inayosema wana uvimbe, kisha wanaangukia mikononi mwa wauzaji wa vidonge na majani ya kusafisha kizazi, wanaoahidi mimba ndani ya mwezi. Hakuna jani lililothibitishwa kuiondoa PCOS. Zipo dawa zilizothibitishwa kusaidia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli ya kupevusha mayai walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni iliyozoeleka. Hivi ni vidonge vya siku chache kwa mwezi, chini ya uangalizi wa daktari. Kwa asiyetaka mimba, vidonge vya uzazi wa mpango hupanga hedhi na kuulinda mji wa mimba, ingawa wengi huvikwepa kwa kuamini kwamba ndivyo vinavyoleta ugumba.

'Huku tuna matatizo makubwa zaidi'

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanaosimamia bajeti. Wilaya yenye vifo vya wajawazito, malaria na watoto waliodumaa itapata wapi fedha za kushughulikia hedhi inayochelewa? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji swali moja, ambalo mhudumu wa zahanati anaweza kumuuliza kila mwanamke: kwa mwaka unapata hedhi mara ngapi? Mwanamke mzima anayejibu chini ya mara nane, na hanyonyeshi wala hatumii dawa za uzazi wa mpango, apimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari, kisha apewe rufaa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Hospitali ya Wilaya ya Hanang mjini Katesh na hospitali ya rufaa ya mkoa Babati zipo. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha huko akiwa na barua inayoeleza sababu.

Kutomuuliza nako kuna gharama. Mwanamke mwenye PCOS ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu wakati wa mimba. Hayo ndiyo matatizo yale yale ya wajawazito ambayo bajeti inasema inayapa kipaumbele. Kumtambua kabla hajashika mimba ni sehemu ya kuokoa maisha ya mama.

Kinachopaswa kufanyika

Hatua ya kwanza ni ya zahanati: swali la hedhi liingie kwenye maswali ya kawaida, pamoja na maelezo mafupi kwa lugha ambayo mama anaielewa, iwe Kiswahili, Kiiraqw au Kidatoga. Hatua ya pili ni ya ndoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kushindwa kupata mtoto, na mara nyingi sababu iko kwa mwanaume. Mume apimwe siku ile ile anayopimwa mke, kabla ukoo haujakaa kikao cha kumtafutia mke mwingine. Viongozi wa dini na wazee wa mila wana nafasi kubwa hapa kuliko daktari yeyote.

Hatua ya tatu ni ya halmashauri zinazopanga miji midogo inayokua kwa kasi. Katesh na Haydom bado zinaweza kutenga njia za waenda kwa miguu, viwanja vya michezo ambavyo wasichana nao wanavitumia, na masoko ya mboga yaliyo karibu na makazi, kazi ambayo Dar es Salaam inaifanya sasa kwa kubomoa. Shule za bweni zinaweza kuendelea na dona na maharage badala ya kuona sembe na maandazi kuwa hatua mbele. Hatua ya nne ni ya taifa: sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa mwaka 2023 itakuwa na maana kwa wanawake hawa pale tu uchunguzi wa homoni na dawa za kupevusha mayai zitakapokuwa ndani ya kifurushi ambacho mkulima na mfugaji wanakimudu.

Mwanamke wa Dirma hapaswi kuchagua kati ya taabu ya zamani na ugonjwa wa kisasa. Ana haki ya maji ya bomba, ya lami, ya kazi ya mshahara mjini akiitaka, na bado akawa na mwili unaopata hedhi kwa mpangilio na tumbo linalobeba mtoto anapomtaka. Mwelekeo wa PCOS hatuwezi kuuondoa kwenye damu ya watu. Chakula kinachouzwa, njia zinazojengwa, maswali yanayoulizwa zahanati na maneno anayotamkiwa mwanamke asiye na mtoto, yote hayo yamo mikononi mwetu, na gharama ya kuyarekebisha sasa ni ndogo kuliko itakavyokuwa wilaya hizi zitakapokwisha kuwa miji.